Kisima Kilichoshika Rangi

Mama yangu alikuwa msafi kupita kiasi, na usafi wake ndio uliotuharibia kisima. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu Kivinje wanaosimulia hadi leo kwamba alikuwa mzembe. Mzembe angemwaga maji ya rangi uchochoroni, kama walivyofanya wanawake wengine wote waliosuka mikeka, na pasingetokea lolote isipokuwa kuku wa jirani kupata miguu ya rangi.

Kisima chenyewe alikichimba baba, akisaidiwa na rafiki yake ambaye baadaye alikuja kuwa shehe wa msikiti wetu mdogo. Kiko nyuma ya ukuta wa nyumba yetu, kando ya njia ya msikitini. Kabla ya kupata maji walichimba shimo jingine hatua chache upande wa ua wetu, wakagonga mwamba, wakaliacha. Kisima kilipotoa maji baba akakiweka wakfu, watu watawadhe humo bila kuomba ruhusa ya mtu. Alifariki nikiwa darasa la tano. Shehe alipokuja kuhani alimwambia mama, "Shemeji, mwenzetu hakuondoka moja kwa moja. Ile ni sadaka yenye kuendelea. Kila atakayetawadha kwa maji yale, thawabu zinamfuata kule alipo."

Watu wengi huambiwa maneno kama hayo msibani, huitikia amina na kuendelea na pilau. Mama aliyachukua kama yalivyo. Kuanzia siku ile, kila alasiri alikaa kwenye baraza ya nyuma na miyaa yake mapajani, yale majani ya mkindu yanayosukwa ukili, akawa anasikiliza. Ndoo ikishuka kisimani na kugonga maji alisema, "Hiyo." Ikishuka nyingine, "Hiyo." Nilikua nikilisikia neno lile kama watoto wengine wanavyokua wakisikia redio, na sikumbuki kuliona la ajabu.

Alitusomesha kwa mikeka. Nilipokuwa mdogo miyaa ilitiwa rangi kwa vitu vya porini: mdaa kwa weusi, magome ya mkoko kwa wekundu uliochoka, bizari kwa manjano. Zilikuwa rangi za adabu, hazikuingia mahali zisipoitwa. Halafu ikaja enzi ya ruksa. Maduka ambayo kwa miaka yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka, yakajaa. Ikarudi sabuni tuliyokuwa tumeisahau harufu yake, ikaja mitumba, ikaja biskuti ya kila sura, na vikaja vikopo vidogo vya unga wa rangi vyenye picha ya tausi. Kijiko kimoja cha unga ule kilitosha debe zima la maji. Rangi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya waridi, ila waridi lenye hasira. Wanunuzi wa kutoka Lindi na hata Dar es Salaam walikuwa hawataki tena mkeka usio na mstari ule.

Tatizo ni yale maji yaliyobaki. Miyaa ikishaiva rangi unaitoa, na debe linabaki na maji ambayo bado yanaweza kutia rangi kanisa na msikiti kwa pamoja. Mama aliyatazama, akatazama uchochoro ambao wanaume walipita kwenda kusali wakiwa na kanzu nyeupe. "Siwezi kumwaga rangi njiani kwa watu wenye kanzu," akasema. Akayamwaga kwenye lile shimo la zamani, lililogonga mwamba.

Shimo halikujaa hata siku moja, na mama akalisifu kwa hilo. Alimwaga humo kwa miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilisoma kemia, na nilikuwa na daftari lenye mchoro wa maji yakipita kwenye mawe. Mwamba wa kwetu ni wa matumbawe, una matundu kuliko mkate. Nilipita kando ya shimo lile kila siku na sikujiuliza maji yanakwenda wapi.

Yalikuwa yanakwenda kisimani.

Rangi ilipanda kidogo kidogo na sisi wenyeji tukaizoea; aliyegundua ni mgeni, mzee mmoja kutoka Miteja aliyekuja kumwona mkwewe. Alikunja mikono ya kanzu, akatawadha kwa utulivu, akashusha mikono ya kanzu juu ya ngozi iliyolowa, kisha akapiga kelele kwamba anatoka damu. Watu wakamkimbilia. Walimkagua kichwa, meno na miguu. Alikuwa mzima kabisa na kanzu yake ilikuwa ya waridi mpaka kwenye viwiko.

Shehe akaja na bakuli jeupe la enameli. Akateka maji, akayainua juani, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akaja kukaa barazani kwetu. Tulimsubiri. Wazee watatu walisimama nyuma yake, na yule mgeni wa Miteja alisimama akiwa ameinua mikono mbali na mwili kama mtu aliyekamatwa.

"Maji yana sifa tatu," shehe akasema. "Rangi, ladha na harufu. Haya yamebadilika rangi, na kilichoyabadilisha kimeingia mwilini mwa maji, si jani lililoelea ukaliokota. Si najisi. Ni tohara, lakini hayatoharishi. Mtu akitawadha kwayo hana udhu." Akaagiza ubao uwekwe juu ya kisima.

Hakuna aliyehitaji uchunguzi kujua rangi imetoka wapi. Mkeka aliokuwa ameukalia shehe wakati akitoa hukumu ulikuwa na rangi ile ile, nao ulikuwa kazi ya mama. Aliposimama aliutazama, akatutazama, akasema, "Shemeji, Mungu ni mwingi wa rehema," akaenda zake. Ingekuwa nafuu kama angetugombeza.

Alasiri mama alikwenda kukaa barazani kama kawaida yake. Miyaa alikuwa nayo lakini hakusuka. Wanaume walipita uchochoroni wamebeba madumu, wanatoka kuteka kisima cha mbali karibu na soko. Hakuna ndoo iliyoshuka. Alikaa hadi jua likasogea ukutani.

"Nimemkatia," akasema.

"Umemkatia nani?"

"Baba yako. Miaka yote ile alikuwa anapata, na leo hapati. Na mkono uliomkatia ni huu."

Alinyoosha mkono. Kucha zake zilikuwa za waridi, zilikuwa hivyo kwa miaka mitatu na hakuna aliyewahi kuziangalia. Nililia. Sisemi hivyo kwa kutafuta huruma, mimi si mtu wa kulia, hata msiba wa baba nilikuwa nagawa maji. Kama angesema ameharibu jina lake mtaani ningejibu kwamba jina hurudi. Huyu alikuwa anasema amemnyima maiti haki yake.

Rangi aliacha siku ile ile. Tuliingia shimoni tukatoa matope ya waridi kwa siku mbili tukayazika mbali, kule vichakani. Vijana wa mtaa wakajitolea kukikausha kisima, wakateka toka asubuhi hadi adhuhuri. Maji mapya yaliyopanda yalikuwa ya waridi vilevile, maana mwamba wenyewe ulikuwa umelewa. Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Tukatia shabu, ambayo husafisha maji ya tope vizuri sana, na kweli ikatupa maji ya waridi yasiyo na tope. Tukatia mbegu za mlonge zilizotwangwa, matokeo yakawa hayo hayo na povu kidogo. Tukatia mkaa, tukapata rangi ambayo haina jina, mwanamke mmoja akasema anaipenda na akauliza kama inaweza kushika kwenye ukili.

Sasa niseme habari ya mwani, maana wakati huo mimi nilikuwa mkulima wa mwani. Upande wa Masoko, kwenye ufukwe wa mchanga, kampuni moja ilikuwa imetugawia kamba na mbegu. Kila bamvu, maji yanapotoka mbali sana, nilikwenda kulala kwa shangazi nikashughulikia kamba zangu. Mwani ukikomaa unaukausha, wakala anakuja kuununua. Tuliambiwa kwamba Ulaya wanaufanya dawa ya meno na aiskrimu. Wenzangu hawakuamini. Mimi niliamini, kwa sababu sikuona sababu nyingine ya mtu kuvuka bahari kufuata kitu kile.

Wiki chache baada ya ubao kuwekwa, nilileta magunia mawili nyumbani nimalizie kukausha. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha na mwani ulikuwa bado na unyevu. Nikatandika mkeka mmoja mpya wa mama, wa mistari ya waridi, nikaumwaga mwani juu yake na kuuacha usiku mmoja na mchana mmoja. Nilipokuja kuuzoa, mwani ulikuwa wa waridi na mkeka umepauka, mistari imebaki kama kovu. Nikaupeleka mwani Masoko hivyo hivyo. Wakala akaushika kwa vidole viwili.

"Dada, huu umeufanya nini?"

"Umelala kwenye mkeka."

"Kampuni hainunui mwani uliolala kwenye mkeka."

Nikarudi nao Kivinje nikiwa na hasira ya kutafuna mawe. Nilikuwa na hasira na wakala, na mkeka, na tausi wa kwenye kopo. Nilikaa juu ya gunia barazani, na ni hasira hiyo iliyonifanya nilitazame jambo lile vizuri, kwa nia ya kumlaumu mtu. Miyaa ilichemshwa na rangi ile nusu siku. Mama aliisuuza mara tatu na haikutoka. Na mwani, kwa usiku na mchana mmoja tu, tena bila kuchemshwa, uliivuta rangi kutoka kwenye miyaa ukajichukulia. Basi rangi ile iliupenda mwani kuliko ilivyoupenda mkindu. Na kama iliupenda kuliko mkindu, huenda iliupenda kuliko maji.

Nikateka ndoo moja pembeni ya ubao, kwa wizi, nikatia konzi nzima ya mwani. Kufika alasiri maji yalikuwa karibu meupe. Nikamwita mama. Akainama, akatazama, halafu akanusa.

"Yananuka pwani," akasema. Akaonja. "Na yana chumvi."

Nilikuwa nimerekebisha sifa moja na kuharibu mbili. Tukauosha mwani kwa maji ya mvua siku nzima, chumvi ikaisha, harufu haikuisha. Tukauchemsha ili harufu iondoke. Harufu ikaondoka, na mwani nao ukaondoka: ukayeyuka wote ukawa uji mzito unaovutika. Uji ule ukiutia kwenye maji unachanganyika nayo, unapata ndoo ya mlenda wa waridi. Mama akasema hata shehe asiyejua kusoma angelikataa hilo.

Alikuwa anakula tambuu aliposema hivyo. Mama alikula tambuu toka nipate akili, na kikopo chake cha chokaa, ile laini ya kupaka kwenye jani, kilikuwa daima kiko mkononi au mapajani. Siku ile kilimponyoka, kikaanguka kwenye sufuria ya uji wa mwani uliokuwa unapoa. Alisema neno ambalo sikujua kama analijua. Tukakivua kwa upawa. Pale kilipokuwa kimelala, uji ulikuwa umeganda. Niliubonyeza, ukarudi. Nilitoa kipande nikakitupa kwenye maji, kikabaki kipande.

Kwa siku kadhaa jiko letu lilikuwa kiwanda. Tulikoroga chokaa kwenye maji, tukawa tunachota uji wa mwani kwa upawa na kuudondosha humo, tone kwa tone. Kila tone likawa donge laini, linaloteleza, linaloonekana ndani kama jicho la samaki mbichi. Tuliyasuuza madonge siku mbili mpaka maji ya kusuuzia yakawa hayana chokaa wala pwani. Kisha tukayatia kwenye ndoo ya maji ya kisima. Madonge yalianza kuona haya, ndivyo mama alivyosema, yakawa mekundu mekundu kuanzia nje kwenda ndani, na maji yakabaki yenyewe. Mama alionja. Akanusa. Akaenda kuchukua miyaa.

Tulihitaji chombo cha kuyashushia kisimani, maji yapite na madonge yasitoke. Hilo kwa msukaji si swali. Akasuka kifumbu, kile cha kuchujia tui la nazi, ila kikubwa cha kumeza mtoto. Alikisuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisuka, midomo imekaza. Tukakijaza madonge, tukakishusha kwa kamba, na kila siku tukakitoa na kubadilisha. Siku ya nane maji ya kisima yalikuwa yanaonekana meupe hata ndani ya bakuli la enameli. Mama akanituma kwa shehe.

Shehe alikuja na wazee wale wale. Alitazama bakuli kwa muda mrefu. "Macho yangu si ya kuamini," akasema. "Yameanza kuona ukungu kila mahali. Nipeni kitambaa cheupe."

Tulikuwa na kanga, tulikuwa na vitenge, na mashuka yetu yalikuwa ya maua ya mitumba. Mama aliingia ndani. Alitoka na bafta lake, lile alilojinunulia kwa ajili ya siku yake ya kuzikwa na kulihifadhi chini kabisa ya sanduku pamoja na karafuu maiti. Nilijua lipo lakini sikuwahi kuliona likiwa nje. Wazee walitazama chini.

"Shemeji, si lazima hilo," shehe akasema.

"Ndilo jeupe nililo nalo."

Akachukua pembe moja akaichovya mwenyewe kwenye ndoo, akaiacha kidogo, akaikamua, akaitandaza juani. Haikuwa waridi. Lakini haikuwa nyeupe pia. Pembe ile ilikuwa na rangi hafifu sana, kama ya ndani ya kucha ya mtoto, na ikilazwa kando ya bafta lililobaki hakuna ambaye asingeiona. Shehe aliona, pamoja na ukungu wake wote. Akarudisha ubao mwenyewe, polepole, kama mtu anayefunika sahani ya mgonjwa asiyekula.

Mama alilikunja bafta, ile pembe ikiwa ndani, akalirudisha sandukuni. Nilimfuata nikamwambia tutatafuta jingine. "La," akasema. "Nitakwenda nalo hili. Baba yako ataniuliza, nami nitamwonyesha."

Nilikwenda kisimani peke yangu nikakivuta kifumbu juu, nia yangu ikiwa kukitupa kichakani. Nikakiweka ukingoni, na ndipo nilipokiona kwa mara ya kwanza, maana siku zote nane nilikuwa nakitazama bila kukiona. Kilikuwa na mstari. Karibu na mdomo, ukizunguka pande zote, mstari mmoja mzuri wa waridi, wa miyaa iliyotiwa rangi. Mama alikuwa ametengeneza kichujio cha kutolea rangi ya waridi kisimani, na akakipamba kwa rangi ya waridi.

Nikampelekea. Nilikilaza mapajani mwake nikauweka mkono kwenye mstari.

Akakigeuza huku na huku. "Sasa kifumbu kisicho na mstari," akasema, "kikae uchi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakucheka. Alikuwa amekitazama kifumbu chake kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeambiwa kwamba anapotembea hupunga mkono. Miaka yote ile vidole vyake vilikuwa vinafika kwenye mdomo wa kazi na kuchukua jani la rangi bila kumwuliza. Kisha akaanza kukifumua. Alifumua kifumbu chote, siku hiyo hiyo, na akaanza kingine cha miyaa mibichi ya rangi yake ya porini. Alipofika karibu na mdomo nilimwona mkono ukielekea kwenye fungu la miyaa ya rangi lililokuwa ukutani. Akaurudisha. Ukaelekea tena. Mwisho akaniambia, "Liondoe hilo fungu machoni pangu."

Tulianza upya. Madonge mapya, chokaa mpya, kifumbu uchi. Mwani haukuwa tatizo, kampuni ilikuwa imenihakikishia kwamba wangu hauna mnunuzi. Shehe tulimwita baada ya wiki mbili na zaidi, mama akitaka kuwa na hakika. Safari hii hakuagiza kitambaa, alijua kitakacholetwa. Mama akachovya pembe ya pili ya bafta, akaikamua, akaitandaza kando ya ile ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na rangi. Ya pili ilikuwa bafta tu.

Nilidhani tumemaliza. Shehe hakuinuka.

"Kuna jambo moja," akasema. "Maji yakibadilika, kisha yakarudi, sharti nijue yamerudi vipi. Mtu anaweza kutia kitu kikafunika rangi, rangi ikawa imo ndani lakini haionekani. Hayo hayafai. Nieleze. Rangi imeondoka, au imefichwa?"

Nimefanya mitihani kadhaa maishani na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko lile. Niliingia jikoni nikatoa beseni la madonge yaliyotoka kisimani, ya wiki zote mbili. Nikaliweka miguuni pake. Yalikuwa ya waridi hadi ndani, mengine yamekolea yakawa zambarau, yametulia pale na kutetemeka kidogo.

"Haikufichwa, shehe," nikasema. "Hii hapa."

Alitia mkono akachukua donge moja. Akalibonyeza, likarudi. Akalikata kwa ukucha, akatazama ndani, akawapa wazee nao wakatazama. Akaliweka kwenye bakuli la maji masafi akasubiri, tukasubiri naye, aone kama litarudisha lilichokichukua. Halikurudisha. Mzee mmoja, mwenye kipande mkononi, aliuliza kama kinaliwa. Nikasema Ulaya ndio aiskrimu. Akakirudisha besenini kwa haraka.

Shehe aliondoa ubao. Kabla hajaondoka mama alimwita, na nilijua kutokana na sauti yake kwamba swali lile amelikalia tangu mwanzo.

"Shehe, zile siku kilizofungwa kisima, zimempotea mwenzetu?"

"Hilo halimo mikononi mwangu, shemeji."

"Na kuanzia sasa? Maana kisima ni chake, lakini haya madonge yametoka kwenye nyumba yangu. Nisije nikawa nimegawana naye thawabu zake. Zangu mimi sizitaki. Zote ziende kwake."

Shehe alilifikiria kwa heshima, kama alivyofikiria mambo yote. "Mimi si karani wa huko," akasema. "Kaa usikilize ndoo."

Baadaye mama aliirudia rangi ya tausi, sitamfanya malaika. Wanunuzi hawakutaka nyingine. Ila maji yaliyobaki aliyapitisha kwenye madonge kabla ya kuyamwaga, na aliyamwaga mbali, na mwani uliokataliwa Masoko ukawa unapata mahali pa kwenda. Kifumbu kilikaa kisimani kwa masika mawili zaidi. Wapo wanaosema mvua ndizo zilizosafisha mwamba na wala si sisi. Inawezekana. Mvua hazikuwahi kuleta beseni la ushahidi.

Miaka mingi baadaye nilialikwa semina huko Mitwero, nje ya mji wa Lindi, sisi wakulima wa mwani. Mtaalamu kijana alituonyesha picha ukutani za madonge madogo yanayoonekana ndani, akatueleza kwamba ni teknolojia mpya: jeli ya mwani inayonyonya rangi za viwanda na hata madini yenye sumu kutoka kwenye maji. Nikanyoosha mkono nikauliza mnayagandisha kwa chokaa? Akasema, "Kwa kalisi, mama." Nikasema ndiyo, ile ya tambuu. Akacheka kwa adabu, akaniambia swali zuri, akaendelea na picha inayofuata. Nilikula chakula chao cha mchana na nilirudi Kivinje bila kinyongo. Kilichoniuma ni kwamba mama hakuwapo nimsimulie kuhusu yule kijana.

Alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla, kwa homa fupi. Waoshaji walipofungua sanduku waliniita. Mmoja alikuwa ameshika bafta, amelikunjua, na kidole chake kiko kwenye ile pembe. Rangi haikuwa imefifia hata kidogo. Akaniuliza kama waikate, bafta lilikuwa kubwa na halingepungua.

"Ni uchafu?" akauliza mwenzake.

"Ni rangi ya miyaa," nikasema. "Muiache. Anakwenda nayo."

Walimwosha kwa maji ya kisima chetu. Niliyateka mwenyewe, nikayaangalia kwenye bakuli la enameli, na yalikuwa maji.

Tulimzika baada ya adhuhuri. Watu walipopungua nilikwenda kukaa barazani nyuma, mahali pake, kwa sababu miguu ilikuwa inauma na ndani kulikuwa na kelele. Alasiri iliadhiniwa. Nikasikia mtu anakuja kisimani, akakohoa, akashusha ndoo, ikagonga maji.

"Hiyo," nikasema. Hiyo ilikuwa ya baba.

Akaja mwingine. Ndoo ikashuka tena. Nilijua kwamba asingeikubali, kwamba kama angekuwa amekaa pale kando yangu angeisukuma kwa mkono kuelekea kwa mumewe. Hakuwapo wa kunizuia.

"Hiyo," nikasema, nikampa mama.